Mchezo wa Mia wa Nungunungu

Nungunungu, bingwa wa sataranji wa nyika nzima, alikuwa amecheza michezo tisini na tisa bila kufungwa. Tangu wanyama waanze kumhesabia, chakula kilikuwa hakimshuki.

Siku ya mchezo wa mia aliketi mbele ya Pimbi, mgeni asiyejulikana, wanyama wakiwa wamewazunguka. Kila Pimbi aliposogeza kete, miiba ya bingwa ilisimama. "Huyu ananitegea," aliwaza, macho yakiwa usoni mwa Pimbi. Pimbi alijikuna sikio, akaukodolea macho ubao. Nungunungu akashindwa kuvumilia.

"Mwanangu, tutoke sare," alisema.

"Nimekubali, mzee!" Pimbi alimshika mkono upesi, kisha akashusha pumzi. "Nilikuwa nimekwisha. Ungemleta farasi wako hapa, mfalme wangu angekosa pa kukimbilia."

Nungunungu akautazama ubao kwa mara ya kwanza baada ya muda mrefu. Ilikuwa kweli, na wanyama wote walikuwa wameona.

Bado hakuwa amefungwa. Lakini asubuhi iliyofuata alipofungua mlango, alikuta foleni ya wanyama, kila mmoja na ubao wake kwapani, na wa mbele kabisa alikuwa Panya, aliyejifunza mchezo huo juzi.