Kidonge cha Maji

Ni kidonge kipi ambacho mtu anaweza kukiacha bila moyo wake kugundua? Asubuhi ya ndoa ya binti yake, Mzee Shekue alivitazama vitatu kiganjani: cha presha, cha kuzuia damu kuganda, na cha kupunguza maji mwilini, kile kilichompeleka chooni mara kwa mara. Hicho alikuwa amekiacha tangu wageni walipoanza kufika siku chache nyuma. Miguu ilivimba, lakini yeye hakuona la kuhofia.

“Kiache na leo, kaka,” mdogo wake alisema. “Ukiinuka katikati, watu watasema umeikimbia ndoa!”

Wageni walicheka. Shekue alibonyeza kifundo cha mguu. Shimo la kidole likabaki; maji yalikuwa yamejaa. Akavimeza vidonge vyote vitatu.

“Nikibanwa nitainuka,” aliwaambia. “Shehe atanisubiri.”