Kikohozi cha Kokuhirwa

Kokuhirwa alikohoa kabla hawajafika hata kona ya kwanza, na Yustasi, mumewe, akasimama. Akainama, akashika magoti, akatoa pumzi polepole kwa midomo iliyobanwa, kama mtu anayepoza uji. Ndivyo alivyoonyesha kuchoshwa naye. Waumini waliokuwa wakipanda kanisani Ihembe waliwapita, wakasalimia, wakamhurumia mwanamume.

Kokuhirwa alikuwa na mkungu wa sadaka kichwani. Yustasi alikuwa na fimbo.

Huyu Yustasi alijaliwa kahawa nyingi, kiko kisichozimika, na ulimi ambao haujawahi kumsifu mtu aliye hai. Kwake majirani walikuwa wavivu, mchungaji mjinga, na mke mzigo. Alichokisifu ni kifua chake mwenyewe. Wenzake walikuwa wanasinyaa kwa uzee, yeye kifua kinatuna, hadi shati la Jumapili likakataa vifungo. Kila asubuhi alikwenda nyuma ya migomba kukohoa na kutema, akasema ni tumbaku inamsafisha, wanaume wote wako hivyo.

Kikohozi cha mke, hicho ndicho kilikuwa ugonjwa. Mwaka 1951 kilimshika mara moja tu, karibu na kilele. Mwaka uliofuata kikamshika katikati ya kilima pia. Sasa, mwaka 1954, kilimkamata hata bondeni. Yustasi alimweleza habari hizo kila aliyepita, kwa maneno machache machache, maana hasira ilimkaba.

"Namngoja huyu," alisema. "Kila Jumapili. Namngoja."

Wanawake wa kisimani walishaamua kwamba ni kifua kikuu. Wakaficha vibuyu vyao asivinywee. Walikuwa wakimwona akipanda na mtungi uliojaa bila hata kutweta, lakini umbea hauna macho. Wakasema ugonjwa wa aina hiyo una ujanja, huja na kuondoka.

Mwishowe Yustasi akaita wazee wa ukoo. Alitaka Kokuhirwa arudi kwao kabla hajawaambukiza watoto, Deodatha na wadogo zake. Mzee Ndyamukama, ambaye hakuwahi kukata shauri kabla ya kibuyu cha pili cha pombe, alisema mwanamke apelekwe kwanza kwenye zahanati ya misheni. Mganga akithibitisha kwamba kifua ni kibovu, mama aende kwao, watoto wabaki kwa baba yao. Kokuhirwa aliyasikia hayo akiwa jikoni.

Mganga wa zahanati, Elpidius, alimwekea chombo kifuani, kisha mgongoni, akasikiliza kwa muda mrefu. Akawasha kiberiti, akakishika mbali kidogo na uso wa Kokuhirwa, akamwambia aachame kabisa na kupuliza bila kubana midomo. Moto ukazimika papo hapo. Akamwagiza akimbie hadi kwenye kengele ya kanisa, kule juu, na kurudi. Kokuhirwa alimtazama mumewe. Yustasi akamruhusu kwa kidevu.

Alikwenda akarudi, pumzi zake zimetulia. Hakukohoa hata mara moja.

"Mapafu ni mazima," alisema Elpidius. "Hana kifua kikuu, hana chochote."

Yustasi alicheka, na kicheko kikaishia kwenye makohozi. "Basi ni mvivu," akasema. "Uvivu hauna dawa. Atarudi kwao kesho." Akatoka nje kuwasha kiko chake, akaegemea ukuta.

Elpidius naye alikuwa amekasirika. Wagonjwa wa kweli walikuwa wamejaa barazani, na huyu amempotezea asubuhi nzima. Alimtazama Kokuhirwa kwa dharau ile ile ambayo mama huyo aliizoea nyumbani.

"Mama, miaka mitatu unawasumbua watu kwa kikohozi cha uongo," alimwambia. "Sasa unakwenda kupoteza watoto wako. Ulianza lini mchezo huu?"

Kokuhirwa alichungulia mlangoni kwanza, akahakikisha mumewe hasikii.

"Siku Baba Deodatha alipoishiwa pumzi kilimani mbele za watu," alisema. "Mke hampiti mumewe njiani, bwana mganga, na mwanamume mwenye kifua kama kile hasimami bila sababu. Nikampa sababu."