Pinde za Ukutani

Mzee Wepukhulu alitoa mdomoni mshipa wa mguu wa mbuzi, akautazama kwenye mwanga, akaurudisha na kuendelea kutafuna. Mate yalimchuruzika hadi kwenye ndevu.

"Lazima ulainike," alisema mdomo ukiwa umejaa. "Ndio kamba ya upinde. Chukua wako."

Dishon aliupokea kwa ncha za vidole. Ulikuwa baridi, unateleza, na bado ulinuka bucha. Aliutia mdomoni, akatafuna kidogo tu, akakimbia nyuma ya kibanda kutapika.

Hakuwa mtu wa kazi kama hizo. Alikuwa karani wa kiwanda mjini Kisumu mpaka kiwanda kilipofungwa. Sasa kampuni moja ya ulinzi ilikuwa ikiandika askari wa kulinda nyumba za matajiri wa Milimani, na kila askari alitakiwa aje na upinde wake mwenyewe. Fundi aliyejulikana upande huo wa ziwa alikuwa Wepukhulu, mzee wa kutoka Bungoma, aliyekaa peke yake kwenye kiwanja kikubwa karibu na maji.

Kila kitu cha mzee huyo kilimtia Dishon kinyaa. Gundi aliichemsha kwa ngozi za samaki wa mbuta zilizoanza kuoza, na uvundo wake ulishika nguo hata zikifuliwa. Sufuria ya gundi ndiyo hiyo hiyo iliyopika chai. Mzee alipenga kamasi kwa vidole, kisha akashika upinde kwa vidole hivyo hivyo. Nyumbani, Beldina, mke wa Dishon, hakumruhusu mumewe kukaribia kitanda kabla hajaoga.

Hata hivyo, alijifunza. Alijifunza kuchagua ufito wa mti ambao Wajaluo huuita powo, usio na fundo, kuukausha kivulini, kuuchonga kwa panga, kisha kuukwaruza kwa kipande cha chupa.

"Mgongo wa upinde usiguse," mzee alimwambia. "Kwaruza tumbo tu, ule upande unakutazama wewe. Kidogo, halafu unaukunja, unaona wapi pamekaza. Ukiwa na haraka, utalia."

Wa kwanza ulivunjika. Wa pili ukapasuka katikati. Wa tatu ulijikunja upande mmoja kama mkia wa mbwa. Mzee alicheka, meno yake meusi ya tumbaku yakionekana yote, akamwekea mkono wenye gundi begani. Dishon akaukwepa.

Jioni hiyo, akiwa njiani kurudi na pinde zake mbovu, Peugeot nyeupe ilisimama kando yake. Ndani alikuwemo Bwana Opiyo, mwenye maduka mjini. Shati lake lilikuwa jeupe kama karatasi, na alinukia sabuni ya bei.

"Omera, ndugu yangu, ni yule mzee anakufundisha?"

"Ndiyo, Bwana."

"Sikia. Najenga hoteli huku ufuoni, nataka pinde za kupamba ukuta. Huyo mzee nimemwomba aniuzie mpaka nimechoka. Anakataa tu. Nitengenezee wewe. Lakini zifanane na zake kabisa. Wageni wanapenda kitu ya asili."

Dishon alisita. Ulikuwa mwaka wa vita vya kugombea mashamba, na redio ilitaja pinde na mishale kila jioni.

"Si za vita, Bwana?"

Opiyo alicheka. "Vita na pinde zimepasuka namna hiyo? Leta hata hizo."

Hakuzigusa. Alimwonyesha tu nyuma ya gari, akamlipa vizuri, akaondoka. Tangu kiwanda kifungwe, huyo alikuwa mtu safi wa kwanza kuzungumza na Dishon kama mtu.

Basi akawa anachonga, na kwa siri akimpelekea Opiyo kila upinde ulioharibika, na kuharibika hakukuhitaji juhudi. Mzee alishangaa.

"Powo yangu inaisha, na wewe bado hujapata upinde mmoja," alisema bila hasira. Kesho yake akaenda kumkatia fito nyingine.

Hatimaye mmoja ukatoka sawa. Ulipinda kama mwezi mchanga, pande zote mbili zikivuta pamoja. Asubuhi Dishon aliubeba kwenda kumwonyesha mzee, kisha amuage, asirudi tena kwenye uvundo ule.

Alikuta watu wamejaa kiwanjani. Landrova ya polisi ilikuwa mlangoni pa kibanda, na nyuma yake lori lililopakia nguzo za ua na seng'enge. Bwana Opiyo alisimama pembeni, leso puani. Polisi walikuwa wakivuta pinde kutoka chini ya kitanda cha mzee na kuzipanga kwenye nyasi. Dishon aliutambua kila mmoja.

Wepukhulu alikuwa ameketi chini, pingu mikononi.

"Silaha za vita," inspekta aliwatangazia watu. "Mtu kama huyu hawezi kuachiwa akae hapa." Kisha macho yake yakamfikia Dishon. "Na wewe mwenye upinde? Unajua hizi ni kazi ya nani?"

Dishon alimtazama Opiyo. Opiyo alimtazama kama mtu ambaye hajawahi kumwona.

Mzee Wepukhulu alizikagua zile pinde moja moja, zilizopasuka na zilizopinda, bila haraka, kama fundi anayekagua kazi. Akatema mate ya tumbaku kando.

"Zote ni za mkono wangu, afande," alisema. "Huyo ni askari wa Milimani tu, alinunua kwangu juzi. Hata jina lake silijui."