Madirisha ya Upande wa Uani

Sheria huwachukua watoto wote wanapotimiza miaka saba, huwaweka katika shule za bweni pasipo ziara wala barua, na kuwarudisha wakiwa na miaka kumi na saba. Shule mpya ya aina hiyo ilipopangwa kujengwa kwetu, mtaa ulipewa siku moja tu ya kutoa maoni kuhusu ramani yake.

Msanifu wa majengo aliitandaza ramani hiyo barazani kwa jirani yangu, Bi Mwanahawa. Jengo lilikuwa la orofa tano, na madirisha yake yalitazama nyua zetu.

"Huku ndiko tunakofulia, baba," nilimwambia. "Ndiko tunakokaa vichwa wazi. Stara yetu iko wapi?"

"Watakaotazama ni watoto, bibi."

"Mwenye miaka kumi na sita?" alidakia Bi Mwanahawa. "Huyo si mtoto, huyo ni mposaji!"

Tulicheka, tukatia saini pingamizi la madirisha hayo. Wakati huo watoto wa mtaa wetu walipelekwa miji ya mbali, wala hatukudhani kwamba wangepangiwa hapo. Shule ilipojengwa, mahali pa madirisha hayo pakawekwa matofali matupu.

Mwaka huu mjukuu wangu, Sihaba, ametimiza miaka saba, naye amepangiwa humo. Asubuhi ya kumkabidhi, aliutazama ukuta kwa makini.

"Bibi, nitakuonea wapi ukianika nguo?"

"Hutaniona. Upande wetu hauna dirisha."

"Mbona hauna?"

Sijawahi kumdanganya mtoto. "Niliyakataa mimi, mjukuu wangu."

Akauchomoa mkono wake mkononi mwangu, akaingia bila kugeuka.