Boma Lililoota Majani

Maturo alikuwa askari mwepesi wa kazi, mzito wa kushika maagizo. Pale mpakani mwa Dola ya Rumi wenzake walichimba handaki, wakapanga mabonge ya udongo wenye majani kuwa boma, upande wa majani ukitazama chini. Yeye akayaelekeza juu. Mvua ikanyesha, kipande chake kikachipua, na asubuhi moja mbuzi wa ng'ambo wakavuka handaki kuja kulila boma.

"Bwana askari, boma lenu tamu!" Brika, mwenye mbuzi, alicheka akiwa ukingo wa pili. Hakuna mtu wa ng'ambo aliyewahi kumsemesha Maturo.

Akida, mkuu wa kikosi cha Maturo, akaja amefura kwa hasira. "Fumua lote! Majani chini, la sivyo utakula fimbo!"

Maturo akafumua na kupanga kutwa nzima. Brika aliwaita mbuzi wake wakarudi ng'ambo, wakawa wanalia. "Kwa hiyo tusije tena?" aliuliza.

Lilibaki bonge moja, la juu kabisa. Maturo akageuka, akamwona akida anakwenda kula. Akaliweka majani juu, akalipapasa kama kichwa cha mtoto.

Ng'ambo, mbuzi mmoja akaacha kulia, akanyoosha shingo.