Bati la Chande

Mwaka ule dhoruba zilifuatana mpaka watu wakaacha kukumbuka majina yake. Chande alichoka kupigilia misumari paa lake kila mara, safari hii akaweka mawe tu juu ya mabati, akalala. Upepo ulichukua bati moja, ukalirusha kwa jirani, likamkata Mfaume mkono wa kulia.

Siku chache baadaye Somoe, mke wa Mfaume, alipiga hodi. Alikuwa amebeba lile bati, amelisugua kwa mchanga mpaka halina alama ya damu.

“Nimekuletea, shemeji. Wanasema nyingine inakuja. Watoto wasije wakalowa.”

“Mfaume anaendeleaje?”

“Anajifunza kula kwa kushoto. Upepo ndivyo ulivyo, tutamlaumu nani?”

Chande alitaka kumwambia habari ya mawe. Badala yake akanyoosha mikono, akalipokea bati.

“Ahsante, shemeji,” akasema.

Somoe akarudi kwake. Chande alibaki mlangoni, bati limemjaa mikono yote miwili, akamsikia Mfaume ng’ambo ya ukuta akimwambia mkewe, “Mpelekee na ngazi yetu. Ya kwake mbovu, asije akaumia.”