Bakuli la Pili

Tangu mfungo uishe, bakuli la Mama Chausiku lilikuwa juu ya meza ya Siwema, na mtaani kwao bakuli la jirani halirudishwi tupu. Asubuhi hiyo alijiambia asiwaze maisha, apike maandazi tu. Akaoga, akachekecha unga, akaanza kukanda. Nguvu zikamwishia mikono ikiwa ndani ya unga. Akakaa sakafuni, asijue analilia nini.

"Hodi, Siwema."

Akajifuta uso, akafungua mlango kidogo.

"Nimekuletea mbaazi, mwanangu," alisema Mama Chausiku, akimpa bakuli jingine. "Lile lisikuumize kichwa."

"Ahsante, mama."

Akafunga mlango, akaliweka kando ya lile la kwanza. Sasa yalikuwa mawili, na hili lilikuwa bado linafuka mvuke.